KINJIKITILE NGWALE: MTU WA NGARAMBE NA MAJI YAKE

  



Katika jarida letu la kila mwaka tumezoea kusoma sira ya Swahaba mmoja, au maisha ya mmoja wa masheikh waliofungua darsa katika mwambao wetu huu wa Kilwa na Lindi. Safari hii nimewaomba walimu wenzangu waniruhusu niandike habari za mtu ambaye hakuwa sheikh, wala hakuwahi kushika juzuu. Lakini ni mtu wa hapa hapa kwetu, milima yake ndiyo milima yetu, na hakuna nyumba ya Kimatumbi kuanzia Kinjumbi mpaka Kipatimu ambayo mababu zake hawakuguswa na jambo lake. Mtu huyo ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe.

Sababu ya kuandika ni swali. Siku moja baada ya darsa ya tauhidi mwanafunzi mmoja wa darasa la kati aliinua mkono akauliza kama wale mababu waliokunywa maji ya Kinjikitile walikuwa hawana akili, hata wasijiulize vipi maji yatazuia risasi. Darasa zima likacheka. Kabla kicheko hakijaisha akauliza la pili: yale maji na kombe tunaloandikiwa sisi kwa zafarani tukiumwa yana tofauti gani. Hapo hakuna aliyecheka. Na jioni yake mzazi mmoja alikuja nyumbani kwangu kwa heshima zote kunieleza kwamba mtoto akizoeshwa maswali kama hayo mwisho wake atauliza na yasiyoulizwa. Nilimkaribisha, tukanywa kahawa, na tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria jambo hili. Basi nimeona nimjibu yule mwanafunzi, na yule mzazi, kwa kueleza maisha ya mtu huyu kama yalivyokuwa, bila ya kuyapamba.

Ili kumfahamu Kinjikitile ni lazima kwanza tufahamu dhiki ya wakati wake. Wajerumani walipoingia pwani yetu waliingia kwa nguvu. Mwaka 1888 watu wa Kilwa Kivinje waliwakatalia, na mawakala wawili wa kampuni ya Kijerumani wakauawa pale mjini. Baadaye Hassan bin Omari Makunganya, Muislamu aliyejulikana pwani nzima, aliendelea kupambana nao mpaka wakamkamata na kumnyonga Kilwa Kivinje mwaka 1895. Wale waliofika Kivinje wamekwisha kuoneshwa pale panapoitwa Mwembe Kinyonga. Miaka michache baada ya hapo ikaja kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi. Wakawekwa maakida, wengi wao watu wa pwani wenye kujua kusoma na kuandika, na chini yao majumbe. Mwaka 1902 Gavana Adolf von Götzen akaleta mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walime humo siku walizopangiwa hata kama mihogo na mtama wao unaliwa na nguruwe. Aliyechelewa alipigwa kiboko, hamsa ishirini. Mwisho wa msimu walipolipwa, malipo yalikuwa madogo kiasi ambacho wapo waliokataa kuyapokea.

Na hapa nitaje jambo ambalo halitupendezi sana kulisikia. Maakida wale wengi walikuwa Waislamu, na askari wa Kijerumani wengi walikuwa Waislamu pia. Aliyemchapa mkulima wa Kimatumbi kiboko kwa ajili ya pamba mara nyingi alikuwa amekwisha kuswali alfajiri yake. Ndugu msomaji asishangae basi kwamba watu wa milimani wakati ule hawakukimbilia msikitini kutafuta faraja. Walikwenda walikokuwa wakienda mababu zao, kwenye mizimu.

Mwaka 1904 ndipo jina la Kinjikitile likaanza kutajwa. Alikuwa akiishi Ngarambe, upande wa kaskazini ya milima ya Matumbi kuelekea mto Rufiji. Wazee waliohojiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, wengine wakiwa ni watu walioshuhudia kwa macho yao, walieleza kwamba siku moja asubuhi alipandwa na pepo mbele ya watu. Akaanguka, akaburutika kwa tumbo, mikono ameinyoosha mbele, mpaka akaingia katika bwawa na kuzama. Ndugu zake wakakesha ukingoni. Waliojua kuogelea wakapiga mbizi wasimwone. Kesho yake saa kama ile ile akatoka majini mzima, na nguo zake, wanasema, zilikuwa kavu. Pepo huyo akaitwa Hongo.

Alipotoka alianza kusema mambo ambayo watu hawajapata kuyasikia. Kwamba waliokufa hawakupotea, wako kwa Bokero huko Rufiji na watarudi. Kwamba simba na chui hawatakula tena watu. Kwamba Mmatumbi, Mkichi na Mpogoro si watu mbalimbali bali wote ni watu wa Seyyid Said. Jambo hili la mwisho linastahili kuangaliwa vizuri. Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alikuwa amekufa tangu mwaka 1856, karibu miaka hamsini kabla, na watu wa milimani hawakuwa na sababu kubwa ya kumpenda. Lakini chini ya Wajerumani hata utawala wa Sultani ulionekana ni wakati wa raha. Mtu akiwa katika shida kubwa hukumbuka shida ndogo kama neema.

Alijenga pale Ngarambe nyumba ya kutambikia ambayo watu waliiita nyumba ya Mungu, na akaanza kutoa dawa. Dawa yenyewe ilikuwa maji, yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Yalinywewa, yalinyunyizwa mwilini, na mengine yakabebwa shingoni katika kijibomba cha tete. Risasi ya Mzungu ikimfikia aliyekunywa itageuka maji na kuteleza mwilini kama mvua. Habari zilienda kwa kunong'onezana, na Wamatumbi wakauita mnong'ono huo njwiywila. Mwanzoni mwa mwaka 1905 njia za kwenda Ngarambe zilijaa watu, wanaume kwa wanawake, wakienda kwa ukoo na kwa kijiji, Wamatumbi, Wakichi, Wangindo na wengineo. Watu ambao jana walikuwa wakiibiana mbuzi walilala pamoja barabarani. Waliofika walifundishwa pia kwenda kwa mistari kama askari, na mafunzo hayo yakaitwa likinda. Kisha wajumbe, nao wakaitwa mahongo, wakapelekwa mbali na maji yao.

Kwa uadilifu ni lazima tuseme kwamba hiyo haikuwa kazi ndogo. Hakuna sultani, wala jumbe, wala tajiri wa pembe aliyewahi kuyaunganisha makabila ya kusini kwa namna hiyo. Serikali ya TANU ilipokuja nusu karne baadaye ilipita katika njia ambazo mahongo walikwisha kuzipita kwa miguu.

Lakini tuje kwenye swali la mwanafunzi wetu. Kwa nini hawakuuliza?

Mimi sioni kwamba walikosa akili. Mmatumbi wa wakati ule alijua risasi ni kitu gani, maana alikwisha kuiona ikiua. Angeweza kumfunga mbuzi mtini, akamnyunyizia maji, akampiga bunduki, na jambo lingekwisha siku ile ile. Ila dawa ile ilikuja na miiko. Aliyekunywa asimkaribie mwanamke, asipore mali ya adui, na vyakula fulani asivile. Sasa tazameni miiko hii inavyofanya kazi. Aliyerudi salama, maji yamemlinda. Aliyekufa, bila shaka amevunja mwiko. Hakuna kifo chochote kinachoweza kuwa ushahidi dhidi ya maji, kwa sababu kila kifo kimekwisha kupata maelezo kabla hakijatokea. Na nani atakayethubutu kusimama mbele ya wenzake aseme ana shaka, ilhali shaka yenyewe inahesabiwa kuwa ni kuvunja mwiko?

Kisha lipo la pili, nalo ndilo kubwa. Waliyataka maji yawe kweli. Bila ya maji walikuwa na mikuki na magobori dhidi ya bunduki za mzinga. Kuuliza kama maji ni kweli ilikuwa sawa na kuuliza kama wataendelea kulima pamba maisha yao yote na watoto wao baada yao. Mtu hapendi kukata tawi alilolishika katikati ya mafuriko.

Kinjikitile mwenyewe aliwaambia wasubiri. Vita visianze mpaka atoe amri, watu wote wawe wamekwisha kupata dawa. Wazee walieleza kwamba Wamatumbi walichoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905, pale Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba katika shamba la jumbe. Miche michache tu, lakini kila mtu alielewa maana yake. Kung'oa pamba kulikuwa ni kutangaza vita. Akida wa Kibata akaandamwa, naye akakimbia. Siku chache baadaye Samanga, pwani, ikachomwa moto. Leo Nandete pana mnara wa ukumbusho, na nawasihi wazazi wenye nafasi wawapeleke watoto, si mbali.

Kinjikitile alikuwa amekwisha kukamatwa. Wajerumani walimpeleka Mohoro, upande wa Rufiji, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga pamoja na msaidizi wake kwa kosa la kuasi serikali. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaambia kuwa kumuua hakutawasaidia, kwani dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Na kweli ilikuwa imefika.

Vita vilikuwa na umri wa siku chache tu. Yaani aliyeleta maji hakuwaona waliokufa kwa ajili ya maji. Hapakuwa na Mahenge bado, wala Namabengo, wala njaa. Na waliobaki walipata habari kwamba bwana wa dawa amenyongwa kwa kamba kama mtu mwingine yeyote. Kwa akili ya kawaida tungesema hapo ndipo mwisho. Haikuwa hivyo. Ndugu yake alishika nafasi yake, akajiita Nyamguni, akaendelea kugawa maji, na watu wakaendelea kuja. Nimesoma habari hii mara nyingi na kila mara hunisimamisha. Imani ikishapita kiasi fulani haimhitaji tena hata aliyeianzisha.

Yaliyofuata nitayapitia upesi, kwani yameandikwa katika vitabu vya shule. Wangindo waliiteka boma ya Liwale. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenzake wanne waliuawa njiani katika nchi ya Liwale, watu wasiokuwa na silaha za vita, na sisi kama Waislamu tunajua hukumu ya kuwaua watu wa ibada wasiopigana. Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Mahenge. Walikwenda wima, wazi, kwa mistari, kama watu wasiokuwa na hofu ya risasi. Bunduki za mzinga zikawasubiri mpaka wakafika karibu. Mamia walilala pale. Tarehe 21 Oktoba Wangoni walipigwa vibaya Namabengo, na hao ndio waliotupa vichupa vyao vya dawa njiani wakikimbia huku wakipiga kelele kwamba maji ni uongo. Miezi michache baadaye makumi ya wakuu wao wakanyongwa Songea.

Wahehe hawakujiunga. Walikuwa wamekwisha kupigana vita vyao na kumpoteza Mkwawa mwaka 1898.

Hapa kwetu Matumbi watu walipigana kwa kujificha. Walijua mapango yao, likiwemo lile la Nang'oma ambalo watoto wa Kipatimu wanalifahamu vizuri kuliko mimi. Wajerumani walipoona hawawezi kuwapata watu walikwenda kutafuta chakula chao. Walichoma ghala, wakachoma mashamba, wakachukua mifugo. Vita vilipokwisha mwaka 1907, hesabu ya Wajerumani wenyewe ilisema wamekufa watu 75,000, na wanahistoria wa baadaye wakasema ni 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Upande wa pili walikufa Wazungu 15, na askari weusi na wasaidizi wao 389. Naomba mwanafunzi wa hesabu aziangalie namba hizo tena.

Baada ya vita ndipo Uislamu ulipoenea kwa nguvu katika vijiji vya bara ya Kilwa na Lindi. Walimu walitoka pwani na tariqa zao, dhikri zikasikika mahali palipokuwa na matambiko. Vyuo vyetu hivi vya Kurani ni watoto wa wakati ule. Mizimu ilikuwa imeshindwa, dini ya Mjerumani haikupendwa, na watu walihitaji pa kusimama. Alhamdulillah, walipata pa kusimama.

Je, waliacha tabia ile ya kupokea bila kuuliza? Hapa ndipo ninapotaka mzazi yule anisikilize kwa wema. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya vita, zilifika barua Lindi, zikidaiwa kutoka Makka. Zilisema kwamba mlinzi wa kaburi la Mtume (S.A.W), aitwaye Sheikh Ahmad, ameota ndoto, na kwamba Kiyama kiko karibu na mlango wa toba unafungwa. Barua zikanakiliwa na kupelekwa kijiji kwa kijiji. Misikiti ikajaa, watu wakaacha kazi, na Wajerumani wakadhani Maji Maji imerudi. Na barua hiyo haikufa. Mimi niliipokea nikiwa kijana, imeandikwa kwa mkono, ikiwa na masharti yale yale kwamba mwenye kuinakili atapata kheri na mwenye kuipuuza atafikwa na msiba. Baadaye nikaiona imepigwa chapa kwa mashine ya kutolea nakala. Sheikh Abdulaziz bin Baz, Mungu amrehemu, aliyefariki 1999, aliandika waziwazi kwamba wasia huo ni wa uongo. Lakini mpaka leo unanifikia katika simu, tena kutoka kwa watu wenye elimu, pamoja na agizo la kuutuma kwa watu kadhaa. Nikiwauliza kwa nini wametuma, hujibu kwamba hakuna hasara. Hicho ni kijibomba cha tete kilichobadilika sura tu.

Na mwaka 2011, kwa wale wanaokumbuka, nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa kwa kilometa. Wako waliofia katika foleni ile. Waislamu nao walikwenda, hata kutoka wilaya yetu hii, na siwacheki, maana nilimjua mmoja aliyekwenda kwa ajili ya mtoto wake, na mtu mwenye mtoto mgonjwa hapimi maneno.

Sasa kombe. Nimeahidi kumjibu mwanafunzi na sitamkimbia. Wanavyuoni wamehitilafiana. Wapo walioruhusu kuandika aya za Kurani kwa kitu kisafi na kunywa maji yake kwa kutaraji ponyo kwa Allah, na wapo waliolichukia jambo hilo kwa sababu Mtume (S.A.W) hakulifanya. Hitilafu hiyo ni ya kielimu na kila upande una dalili zake. Lakini mwanafunzi hakuuliza kuhusu hukumu tu. Aliuliza kuhusu tofauti. Na mimi naona tofauti haimo katika maji. Imo kwa mnywaji. Akinywa huku akiomba kwa Mola wake, akijua kwamba dua hujibiwa atakavyo Yeye, kisha akaenda na hospitali, huyo ana jambo lake. Akinywa akiamini kwamba wino ule una nguvu ya peke yake, na mgonjwa akifa akasema ameharibiwa na kijicho cha jirani au aliyeandika hakuwa na udhu, basi yuko Ngarambe, ijapokuwa amevaa kanzu.

Mzazi yule aliogopa kwamba maswali huvunja imani. Namuelewa, na hofu yake ni ya mapenzi. Lakini Nabii Ibrahim (A.S), rafiki wa Mwenyezi Mungu, alimuomba Mola wake amuoneshe namna anavyofufua wafu. Akaulizwa kama haamini, akasema anaamini ila anataka moyo wake utulie, na hakukemewa. Alioneshwa kwa ndege wanne. Habari hiyo imo katika Suratul Baqara aya ya 260 na kila mtoto wetu anaihifadhi. Kinyume chake, katika Suratuz Zukhruf wametajwa wale ambao hoja yao yote ilikuwa kwamba wamewakuta baba zao katika njia ile nao wanafuata nyayo.

Na lipo jambo moja katika sira ambalo ningependa kulieleza zaidi. Mtume (S.A.W) alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, Madina. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa sababu ya msiba wa mtoto wa Mtume. Fikirini basi. Ni baba mwenye huzuni, na watu wake wameona ishara mbinguni, na ishara hiyo inamtukuza yeye na mwanawe. Hakuna aliyedanganya. Angenyamaza tu, imani yao ingezidi siku ile. Hakunyamaza. Aliwaswalisha, kisha akawaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Aliikataa imani iliyosimama juu ya kosa hata ilipokuwa kwa faida yake.

Kinjikitile je? Alijua kwamba maji hayazuii risasi? Ebrahim Hussein, mwana wa Kilwa, aliandika tamthilia yake iitwayo Kinjeketile iliyotolewa mwaka 1969, na humo alimchora kama mtu aliyeanza kuwa na shaka na dawa yake mwenyewe, lakini hataki kuitamka kwa kuogopa kuua umoja wa watu wake. Hiyo ni sanaa, na mwandishi mwenyewe aliweka wazi kwamba mtu wake si yule wa historia. Mimi katika masimulizi ya wazee naona mtu aliyeamini. Tena aliamini mpaka kwenye kamba. Kwa itikadi yetu aliyoyaita watu kwayo ni shirki na hatuna la kulainisha hapo. Kwa ushujaa, na kwa kuwafanya Wamatumbi na Wangindo walale chini ya mti mmoja, hatuna haki ya kumdharau, sisi ambao mara nyingine msikiti mmoja hatuenei kwa sababu ya mikono kufungwa au kuachwa.

Nimalizie na la nyumbani. Baba wa babu yangu alikunywa maji. Alikwenda Ngarambe na kaka zake wawili, wakarudi watatu, wakaenda vitani watatu, akarudi mmoja. Katika uzee wake alisilimu, akajifunza Alhamdu na sura fupi, na babu alisema hakuacha swala ya jamaa mpaka alipokuwa hawezi kusimama. Lakini hata baada ya kusilimu, akiulizwa habari za vita, hakuwahi kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Alikuwa akisema waliokufa walivunja mwiko. Babu alinisimulia hayo tukiwa tunalinda shamba la mpunga, na mimi nikiwa mtoto kama yule mwanafunzi wetu, nikamuuliza ni mwiko gani walivunja kaka zake.

Babu alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia nyani wameingia upande wa mtoni, niende nikawafukuze. Nilikwenda. Hapakuwa na nyani.